Kutoka Kituoni Hadi Kitini: Shajara ya Mradi wa Maelekezo

Wiki ya 1

Mradi wenyewe ni mdogo kiasi kwamba kuuita mradi naona haya: kuandika upya maelekezo ya kufika kwenye mikutano ya kikundi chetu, ili mtu ambaye hajawahi kuja afike bila kupiga simu. Basi.

Kilichonisukuma ni simu yenyewe. Mwezi uliopita zamu ya kushika simu ya kikundi ilikuwa yangu, na kuanzia nusu saa kabla ya mkutano sikuketi. "Niko hapa nje." Nje wapi? "Hapa kwenye geti." Geti lipi? Nami nikajibu vilevile nilivyojibiwa siku yangu ya kwanza: "Sogea mbele kidogo, utatuona." Simwoni, sijui uso wake umeelekea wapi, lakini naongea kwa uhakika kama nimesimama naye. Nilipokea simu 9 za namna hiyo. Hiyo 9 ndiyo itakuwa kipimo changu, sina kingine.

Nimekusanya maelekezo yote tuliyowahi kutuma. Yote ni mtoto wa baba mmoja: mtu aliyaandika zamani, kila mwezi mwingine ananakili, anabadilisha tarehe, anatuma. Sentensi moja inasema "pinda pale ulipokuwa mti mkubwa". Mti huo ulikatwa kabla sijajiunga na kikundi. Mimi mwenyewe nimetuma sentensi hiyo mara mbili.

Nikachukua kalamu nyekundu, nikapigia mstari kila neno linalomtaka msomaji awe anajua tayari. "Ukumbi wetu wa siku zote." "Njia ya mkato." "Ukumbi mdogo" (mdogo kuliko upi?). "Nyuma ya jengo." Nilipomaliza, kilichobaki bila mstari kilikuwa tarehe na salamu.

Wiki ya 2

Mwenzangu mmoja mpenda teknolojia akasema tuache kujisumbua: watu watumiwe pini, yaani alama ya mahali kwenye ramani ya simu, mambo yaishe. Nilimkubalia kwa moyo mweupe, maana ingenipunguzia kazi.

Pini tuliyokuwa tukiituma ilipatikana kwa kuandika jina la jengo kwenye ramani. Shida ni kwamba programu ya ramani mara nyingi huweka alama katikati ya jengo au ya kiwanja, kisha inakutafutia barabara iliyo karibu zaidi na alama hiyo. Kwetu barabara iliyo karibu zaidi ni ya nyuma, na huko nyuma kuna ukuta. Watu walifika salama salimini, simu ikawaambia "umefika", wakabaki wanatazamana na matofali. Ndiyo maana wengi wa wale 9 walikuwa wakiapa kwamba wamefika. Hawakukosea, walikuwa umbali wa mita thelathini hivi nasi, kwa ndege.

Nimekwenda kusimama getini, nikaweka pini kwa mkono. Namba za mahali (latitudo na longitudo) zikiandikwa na tarakimu 5 baada ya nukta zinataja eneo kwa karibu mita 1, lakini usidanganyike: simu ya kawaida, hata chini ya anga wazi, hukosea mita kama 5, na katikati ya majengo marefu huzidi kwa sababu mawimbi ya setilaiti yanagonga kuta kabla ya kuifikia. Mita 5 penye ukuta zinaweza kukutupa upande wa pili wake. Nikaisahihisha pini kwa kuisogeza juu ya picha ya setilaiti, na kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri, nikaweka alama ya mlango mahali ulipo mlango. Kazi ya dakika kumi ambayo hakuna aliyeifanya miaka yote hii.

Pini sasa ni nzuri. Lakini inaishia getini, na simu iliyoisha chaji au isiyo na bando haina pini. Kwa hiyo maneno yanabaki.

Wiki ya 3

Leo nimetembea na mgeni bila kufungua mdomo. Katika mambo yote ya mradi huu, hili ndilo ningemshauri mtu alifanye hata kama hatafanya lingine.

Ni dada mmoja aliyehamia karibuni, hajawahi kuuona ukumbi wetu. Tulikubaliana hivi: yeye anashika karatasi ya maelekezo mapya niliyoyaandika (niliyajivunia), mimi namfuata hatua kumi nyuma na daftari, naandika kila anaposimama. Haruhusiwi kuniuliza, nami siruhusiwi kukohoa.

Kusimama kwa kwanza kulikuwa mstari wa kwanza. Nilikuwa nimeandika "ukishuka, pinda kushoto". Akashuka, akapinda kushoto kwake. Mimi niliandika sentensi ile kichwani nikiwa nimeitazama barabara. Yeye alishuka ameipa barabara mgongo, kama anavyoshuka kila mtu. Akaenda hatua arobaini kwa ujasiri kuelekea kusiko, mimi nyuma natafuna kalamu. Tukarudi, nikaifuta, na hapohapo nikaandika: "Kipe kituo mgongo, barabara iwe mbele ya uso wako. Sasa pinda kushoto." Tangu hapo nimejiwekea sharti kwamba neno kushoto au kulia haliandikwi kabla sijamgeuza mtu.

Kusimama kwa pili: "kona ya pili". Kuna mlango mpana wa maegesho ya magari kabla ya kona ya kwanza. Je, ni kona? Kwangu haijawahi kuwa kona. Kwake lami ilikata kando, kwa hiyo akaihesabu. Nikaacha kuhesabu kona, nikatumia taa za kuongozea magari, ambazo hakuna anayezigombania.

Kusimama kwa tatu ndiko kulikonifundisha. Alikuwa kwenye njia sahihi, imenyooka, hakuna pa kupinda. Karatasi ilisema tu "nenda moja kwa moja". Baada ya dakika mbili hivi akaanza kupunguza mwendo. Akageuka nyuma. Akatoa simu, akairudisha. Akasoma tena mstari uleule. Hakuwa amepotea hata kidogo, ila hakuna kitu kilichomwambia hivyo. Nilipomuuliza baadaye akasema, "Sikuwa nimepotea, nilikuwa nimeanza kujihisi nimepotea." Nimeweka kitu cha katikati: "utapita daraja dogo la waenda kwa miguu upande wa kulia, usilipande". Halisaidii kupinda popote. Kazi yake ni kumtuliza mtu.

Kusimama kwa nne sikukutarajia. Alifika mlangoni. Ndani sauti za watu, mlango umerudishwa, hakuna karatasi yoyote juu yake. Akasimama. Nilitazama saa, dakika mbili kasoro kidogo. Mkono ulikwenda kwenye kitasa ukarudi. Mwishowe nikavunja sharti nikamwambia ni hapo. "Nilidhani ni kikao cha watu wengine," akasema, "nikaogopa nikisukuma wote watageuka." Amesafiri mji mzima, akashindwa na mlango ambao haukufungwa hata kwa komeo.

Jioni nikakumbuka jambo la Kevin Lynch, mpangaji miji wa Marekani, ambaye mwaka 1960 alitoa matokeo ya kuwauliza watu wa Boston, Jersey City na Los Angeles jinsi wanavyoibeba miji yao kichwani. Alipata vitu 5: njia, kingo, maeneo, makutano na alama. Nikaipima karatasi yangu kwa vitu hivyo. Njia zipo, makutano yapo, alama zipo. Kingo hakuna hata moja. Ukingo ni kile kinachokwambia hapa ndipo pa mwisho: ukuta, reli, mto. Kwetu upo ukuta mrefu wa mawe mita mia moja baada ya geti, na kila aliyepitiliza aliuona. Nimeongeza: "Ukiona ukuta mrefu wa mawe, umepita. Rudi." Maneno machache, na nadhani ndiyo bora kuliko yote niliyoandika.

Wiki ya 4

Wiki ya lugha. Nilidhani itakuwa nyepesi kwa kuwa Kiswahili nakitumia kutwa. Hapo ndipo nilipoona tunavyokipuuza.

Tuna pa-, ku- na mu-, zana ambayo lugha nyingi zinaitamani, halafu tunaandika "huko kwenye ukumbi". Pale ni mahali unapoweza kupanyooshea kidole. Kule ni upande, hapana mpaka. Mle ni ndani. "Subiri pale getini", "elekea kule darajani", "ingia mle ukumbini" ni sentensi tatu zenye miguu mitatu tofauti, na mgeni anazihisi hata asipojua kanuni zake. Nimepitia maandishi yote nikibadilisha. "Tutakutana huko nje" imekuwa "tutakutana pale chini ya taa, nje ya geti".

Saa. Tangazo letu la mwezi uliopita liliandikwa kwa Kiingereza likapitishwa kwenye programu ya kutafsiri, likatoka "saa 8:00 jioni". Mswahili akisoma saa 8 anafikiria mchana, jioni inamchanganya, mwishowe anakuja saa yoyote. Mkutano ni 20:00, yaani saa 2:00 usiku. Sasa tunaandika zote mbili kila mara: saa 2:00 usiku (20:00). Mwenzangu mmoja analalamika kwamba inachukua nafasi. Ichukue.

Tarehe: 03/04 kwa aliyezoea utaratibu wa Marekani ni Machi 4, kwa wengine ni Aprili 3. Tunaandika jina la mwezi, na jina la siku pia, ili kosa likitokea moja limuumbue mwenzake.

Ghorofa: nako kuna mtego. "Ghorofa ya kwanza" kwa Mwingereza ni ile iliyo juu ya ya chini. Kwa Mmarekani ndiyo ya chini yenyewe. Sisi tumeazima huku na huku. Nimeandika: "Mlango uko usawa wa ardhi. Usipande ngazi." Neno ghorofa halimo.

Na "dakika tano kwa miguu". Za nani? Mtu mzima mwenye afya hutembea kilomita kama 5 kwa saa, ambazo ni mita 80 na ushei kwa dakika. Mwenye mtoto mkononi au fimbo hafiki huko. Nimeweka mita na dakika, kila mtu ajipigie hesabu yake.

Kuna aliyependekeza tumalizie tangazo kwa "Kuuliza si ujinga". Nimekataa. Ni kweli si ujinga, lakini tukiiandika tumeshakubali kwamba karatasi yetu haitoshi.

Wiki ya 5

Printa iligoma. Hakuna kilichofanyika.

Wiki ya 6

Nimeaibika. Mkutano wa kwanza na maelekezo mapya ulikuwa jana usiku, na kufikia saa 2:20 nilikuwa nimepokea simu 6. Kutoka 9 hadi 6 kwa jasho lote lile!

Wanne kati ya sita walisema jambo moja: hakuna geti la kijani. Nikatoka kwenda kuwaonyesha geti la kijani, na kweli, halikuwepo. Mtaa ule una taa za zamani za sodiamu, zile za mwanga wa njano, na mwanga wa namna hiyo unaua rangi. Chini yake kijani kilikuwa kahawia chafu kama mageti mengine yote. Mimi nilijaribu njia saa 4 asubuhi, jua limewaka, kijani kinapiga kelele. Mkutano ni usiku. Ingekuwa mwanafunzi amenifanyia hivi ningemrudishia karatasi.

Kuanzia leo njia inapimwa saa ileile ya tukio, na alama inayochaguliwa lazima iwe na mwanga wake yenyewe au umbo lake. Taa za kuongozea magari zinafaa, ukuta wa mawe unafaa kwa urefu wake. Geti limeacha kuwa la kijani. Sasa ni "geti la pili baada ya taa", na nimebandika juu yake namba ya karatasi inayong'aa.

Wawili waliobaki walikuwa wamesimama mlangoni. Waliona kila kitu. Hawakusukuma.

Wiki ya 7 na 8

Vibao. Kanuni wanayoitumia mafundi wa mabango ni herufi ya sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali, ili isomeke bila kukodoa macho. Nilitaka neno MKUTANO lisomeke kutoka ng'ambo ya barabara, mita 12, maana yake herufi za sentimita 10. Herufi saba za ukubwa huo hazienei kwenye karatasi ya A4, ambayo hata ikilazwa ina sentimita 29.7 tu. Nilihangaika kubana herufi mpaka zikafanana na uzio. Kumbe jawabu lilikuwa kusogeza kibao, si kukuza herufi: nikakiweka mahali ambapo yule dada alisimama, mita 6 kutoka macho yake, herufi za sentimita 5, zikaenea na nafasi ikabaki. Daftari la wiki ya 3 limenilipa.

Mishale ina vituko vyake. Mshale unaotazama juu kwangu ulikuwa "endelea mbele". Kijana mmoja akapanda ngazi za jengo la jirani, kwa sababu mshale ulibandikwa kando ya ngazi. Tumeandika neno chini ya kila mshale: MBELE, KUSHOTO, INGIA HAPA. Mshale mwingine niliubandika kwa kipande kimoja cha selotepu katikati. Upepo ukauzungusha usiku kucha na asubuhi ulikuwa unawarudisha watu walikotoka. Pembe nne, selotepu nne.

Nimeweka pia msimbo wa QR kwenye bango, unaofungua pini. Msimbo huo uliobuniwa Japani mwaka 1994 unaweza kutengenezwa ili usomeke hata karibu asilimia 30 yake ikichafuka, kwa hiyo mvua kidogo haiutishi. Lakini maelekezo kamili yameandikwa kwa maneno pembeni yake.

Wiki ya 9

Mzee mmoja anayetumia kiti cha magurudumu alitupigia kuuliza kama ukumbi "unafikika". Nikamwambia ndiyo, mzee, panafikika kabisa. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mlangoni kuna ngazi ngapi, mwanangu?" Sikujua. Nimeingia mlango ule mara zisizohesabika na sikujua.

Nilikwenda na futi ya kupimia. Ngazi 3, kila moja sentimita 15. Njia ya mteremko inayopendekezwa mara nyingi ni kipimo cha 1 kwa 12, kwa hiyo kwa sentimita 45 za kwenda juu tungehitaji mteremko wa mita 5.4. Hatuna nafasi hiyo. Lakini upande wa kulia wa jengo kuna mlango wa kupitishia viti, hauna ngazi hata moja, upana wake sentimita 95, na siku zote tunaufunga kwa ufunguo kwa mazoea tu. Nilimpigia mzee nikamsomea vipimo. "Sasa umeniambia kitu," akasema. "Mengine niachie mimi."

Nimefuta neno "panafikika" kila mahali. Badala yake kuna idadi ya ngazi, upana wa mlango na jina la mlango upi.

Na hapo nikagundua kosa la wiki ya 4: niliandika "usipande ngazi" kuhusu mlango ambao una ngazi 3. Kichwani mwangu zile hazikuwa ngazi. Nimesahihisha.

Wiki ya 10

Maandishi yaliyotumwa, kama yalivyo:

"Alhamisi, saa 2:00 usiku (20:00). Shuka kituo cha mwisho kabla ya mto. Kipe kituo mgongo, barabara iwe mbele ya uso wako. Pinda kushoto bila kuvuka barabara. Tembea mita 350, dakika 4 hadi 7. Utapita daraja la waenda kwa miguu upande wa kulia, usilipande. Kwenye taa za kuongozea magari pinda kushoto. Geti ni la pili, lina namba nyeupe inayong'aa. Ukiona ukuta mrefu wa mawe, umepita, rudi. Pale getini kuna mtu amevaa fulana ya njano mpaka saa 2:30, ndiye mwenye simu ya kikundi. Mlango wa mbele una ngazi 3. Mlango wa kulia hauna ngazi, upana sentimita 95, uko wazi. Mlango wa mbele umerudishwa tu, haujafungwa. Sukuma, uingie mle ndani. Tukiwa tumeshaanza, ingia tu. Viti vya nyuma tumeviacha kwa ajili ya wanaochelewa."

Sentensi tatu za mwisho zilileta mabishano kuliko zote. Wenzangu waliona ni kumfundisha mtu mzima kufungua mlango. Niliwasomea ukurasa wa daftari wenye dakika mbili kasoro, wakaacha.

Simu jana: 1. Alitaka kujua kama anaweza kuja na mtoto. Ujumbe mmoja pia, bila salamu: "Nimeuona ukuta wa mawe, narudi." Aliingia saa 2:12, akakaa viti vya nyuma.

Wiki ya 11

Tumepata taarifa kwamba ukumbi utafanyiwa ukarabati, tunahamia kwingine kuanzia mwezi ujao. Wenzangu wamenipa pole kwa kazi kuharibika. Mabango nayavua kesho.

Kwenye jengo jipya hakuna kati yetu aliyewahi kufika. Mwenyekiti alitaka kunichorea njia, maana aliulizia kwa mtu anayepajua. Nimemwomba asinichoree. Jumamosi saa 2:00 usiku nashuka kituoni peke yangu na daftari, na nitaandika kila nitakaposimama, kabla sijapazoea.